Kutoka Gumegume hadi Bunduki ya Sponji: Brussels na Kipimo cha Nguvu

Utangulizi

Mwisho wa muhula uliopita sisi wanachama tulikodi ukumbi wa michezo hapa Brussels kwa saa mbili, tukajigawa makundi mawili na kupigana vita vya bunduki za sponji. Wasomaji wanazijua: ni zile bunduki za plastiki zinazorusha vishale laini vyenye ncha ya mpira, ambazo watoto wa mji huu huziomba kwa Mtakatifu Nikolasi kila tarehe 6 Desemba. Kila mmoja alikuja na yake. Mchezo ulikwenda vizuri kwa dakika kama ishirini, kisha mwenzetu mmoja akapigwa shingoni na kishale kilichomwachia alama nyekundu kwa siku mbili. Tukasimamisha mchezo.

Mwenye bunduki hakuficha. Alikuwa ameifungua nyumbani kwa bisibisi, akatoa springi ya kiwandani na kuweka ngumu zaidi, kisha akaondoa kile kipande kidogo cha plastiki ambacho kiwanda hukiweka kwenye njia ya hewa ili kupunguza nguvu ya upepo unaosukuma kishale. Mwenzetu anayesoma uhandisi alikuwa na kipima kasi, yaani mrija wenye vihisio viwili vinavyopima muda ambao kishale kinatumia kupita kutoka kimoja hadi kingine. Tukapima. Bunduki iliyotoka dukani bila kuguswa ilirusha kishale kwa mita 21 kwa sekunde. Ile iliyobadilishwa ilirusha kwa mita 43.

Mtu anaweza kudhani kwamba kasi ikiongezeka mara mbili basi maumivu nayo ni mara mbili. Fizikia haisemi hivyo. Nishati ya kitu kinachokwenda ni nusu ya uzito wake mara kasi mara kasi tena. Kishale chetu kina uzito wa takriban gramu 1. Kwa mita 21 kinabeba nishati ya jouli 0.22, kwa mita 43 kinabeba jouli 0.92, yaani zaidi ya mara nne. Shingo ya mwenzetu ilikuwa imelijua hilo kabla ya kikokotoo.

Tukakubaliana kanuni: kila bunduki itapita kwenye kipimo, zikiwemo za mwenyekiti na katibu, na inayozidi mita 25 kwa sekunde haitaingia ukumbini. Hapo ndipo aliyepigwa, huku ameshika shingo, akauliza: "Na hicho kipimo kakiweka nani?"

Swali lilikuwa la utani, lakini lilitufuata hadi maktaba. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba mji huu wa Brussels umewahi kuamua mara mbili bunduki ya mtu fulani iwe na nguvu kiasi gani. Mara moja uliamua kwa ajili ya watoto wa Ulaya. Mara nyingine, karibu karne moja kabla ya hapo, uliamua kwa ajili ya babu zetu, na maamuzi hayo yameacha alama hata katika Kiswahili tunachokisoma.

Nusu jouli

Tuanze na lililo jepesi. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilipitisha maelekezo ya kwanza ya pamoja kuhusu usalama wa vitu vya kuchezea tarehe 3 Mei 1988, na mwaka 2009 yakaja maelekezo mapya yenye namba 2009/48. Maelekezo yanataka jambo kwa jumla: mwanasesere asimdhuru mtoto. Vipimo vyenyewe huandikwa na shirika la viwango la Ulaya, CEN, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Brussels. Kiwango kinachohusika kinaitwa EN 71.

Kwa miaka mingi kiwango hicho kilitenganisha vitu vinavyorushwa kwa namna iliyo rahisi kueleweka. Kitu kigumu kisicho na ncha laini kisizidi jouli 0.08. Chenye ncha laini, kama vishale vyetu, kisizidi jouli 0.5. Baadaye wataalamu walianza kuzingatia pia upana wa ile sehemu inayomgusa mtu, kwa sababu nishati ileile ikikusanyika mahali padogo huumiza zaidi. Wazo la msingi halikubadilika: jicho la mtoto ndilo kipimo, na bunduki yoyote inayouzwa kama kitu cha kuchezea, iwe ya mtoto wa waziri au wa mfagiaji, imefungwa na kiwango kilekile.

Kwa hiyo bunduki ya mwenzetu ilipotoka dukani ilikuwa chini ya nusu ya mpaka huo wa zamani. Alipoifungua na kubadili springi, aliuvuka na kuukaribia mara mbili yake. Sheria ya mwanasesere haimfuati mtu hadi mezani kwake na bisibisi. Hilo tulikumbuke, maana litarudi: mwenye kuweka kipimo hupima kitu kinapopita mlangoni, na fundi huanza kazi baada ya mlango.

Ngazi ya bunduki katika Kiswahili

Kabla hatujaingia katika mkutano wa pili, yafaa tuulize wazee wetu wenyewe walizipimaje bunduki. Hawakuwa na jouli, lakini walikuwa na msamiati, na kamusi za zamani zimeuhifadhi. Ukiupanga unapata ngazi yenye vidato vinne.

Kidato cha kwanza ni bunduki ya mrao. Mrao ni utambi unaowaka polepole. Mpigaji alibeba moto mkononi, na alipotaka kupiga aliugusisha kwenye baruti. Cha pili ni bunduki ya gumegume. Hapa hapana utambi. Kuna jiwe gumu linalopiga chuma, cheche zikaangukia baruti kidogo iliyowekwa kando ya mtutu, moto ukapenya ndani. Cha tatu ni bunduki ya fataki. Fataki ni kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kikigongwa. Haiogopi mvua kama baruti iliyo wazi. Zote tatu zilishindiliwa kwa mbele: baruti, kitambaa au nyuzi, risasi, kisha mdeki wa kukandamizia. Neno gobori, ambalo bado tunalo, hutumika kwa bunduki za namna hii ya kushindilia.

Kidato cha nne ni bunduki ya viasi. Neno hili ndilo lililotusimamisha zaidi. Kwa sasa kiasi ni kipimo, ni kadiri. Zamani kiasi kilikuwa pia risasi kamili pamoja na baruti yake ndani ya ganda moja, imekwisha kupimwa tayari. Anayetumia bunduki ya viasi hapimi tena baruti kwa kiganja huku adui anamjia; kipimo kimefanyika kiwandani. Anafungua nyuma, anatia, anafunga, anapiga. Askari hodari wa gobori alipiga mara mbili au tatu kwa dakika. Mwenye bunduki ya viasi alipiga mara kadhaa zaidi ya hapo, tena akiwa amelala chini. Na ikiwa ndani ya mtutu kulichongwa mifereji ya mzunguko, risasi ilitoka ikizunguka na kwenda mbali kwa unyoofu, ilhali risasi ya mtutu laini haikuaminika kupita mita 100 hivi.

Ngazi hii inatuambia kwamba watu wa pwani na wa bara waliziona bunduki kwa jicho la fundi. Waliziita kwa jinsi zinavyowaka, kwa sababu hapo ndipo penye tofauti ya nguvu. Na mafundi walikuwepo. Lugard, katika kitabu chake cha mwaka 1893 kuhusu Afrika ya Mashariki, aliwasifu wahunzi wa Buganda kwa ustadi wa kutengeneza vitako na springi mpya za bunduki, akamtaja fundi aitwaye Kisule. Mwenzetu wa springi alifurahi sana kusikia habari hiyo.

Mkutano wa Brussels, 1889 hadi 1890

Katika miaka ya 1880 bunduki nyingi sana zilipita Zanzibar kwenda bara. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadili silaha, yakiacha za fataki na kuchukua za viasi, kisha yakiacha za viasi za mwanzo na kuchukua mpya zaidi. Kila yalipobadili, zile za zamani zilitafuta mnunuzi. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia eneo hilo kwa mwaka. Katika barua yake kwa serikali ya London, wingi haukuwa ndio hofu yake kuu. Alichohofu ni kwamba hatua isipochukuliwa, kazi ya kulifungua na kulituliza bara itafanyika mbele ya watu wengi mno ambao wengi wao watakuwa na bunduki nzuri za kisasa, za kutia risasi kwa nyuma.

Mwaka huohuo pwani ikawaka. Abushiri bin Salim na wenzake walisimama dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na kuanzia Desemba 1888 meli za Uingereza na Ujerumani ziliizingira pwani, zikizuia watumwa wasitoke na silaha zisiingie. Yale mambo mawili, utumwa na silaha, yakafungwa kamba moja.

Katika hali hiyo mkutano wa kupinga biashara ya watumwa ulifunguliwa Brussels tarehe 18 Novemba 1889, chini ya uenyekiti wa Mbelgiji, Baron Lambermont. Mezani walikuwemo wajumbe wa mataifa ya Ulaya, Marekani, Uajemi na dola ya Uthmani. Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar kwa miaka mingi, alikuwa miongoni mwa wajumbe wa nchi yake. Mkutano ukiwa haujatimiza mwezi mmoja, tarehe 15 Desemba 1889, Abushiri alinyongwa Pangani.

Mkataba ulitiwa saini tarehe 2 Julai 1890, ukiwa na majina ya dola 17. Mojawapo ilikuwa Dola Huru ya Kongo, mali ya Mfalme Leopold II. Nyingine ilikuwa Zanzibar, ambayo siku moja kabla ya hapo, tarehe 1 Julai, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimekubaliana iwe chini ya himaya ya Uingereza. Mkataba ukaanza kutumika tarehe 2 Aprili 1892. Ofisi mbili ziliundwa za kupokea na kusambaza habari za utekelezaji: moja Zanzibar, ya mambo ya baharini, na moja hapa Brussels. Sisi tunaosoma Kiswahili katika mji huu tulidhani uhusiano wa Brussels na Zanzibar ulianza na madarasa. Kumbe ulianza na majalada ya meli na silaha.

Vifungu vinavyotuhusu vinaanzia cha nane. Vilichora mstari juu ya ramani: kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, kutoka bahari ya Atlantiki hadi bahari ya Hindi, pamoja na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za bahari kutoka pwani. Ndani ya eneo hilo, kuingiza bunduki, hasa zenye mifereji na zilizoboreshwa, pamoja na baruti, risasi na viasi, kulipigwa marufuku. Silaha yoyote iliyoingia ilipaswa kuwekwa katika ghala la serikali.

Kisha zikaja ruhusa. Serikali zenyewe na majeshi yao waliruhusiwa. Watu binafsi walioweza kuthibitisha kwamba bunduki haitapewa mtu mwingine waliruhusiwa kwa kibali. Wasafiri wenye barua ya serikali zao waliruhusiwa. Na kwa wengine wote, yaani kwa wenyeji, kilichoweza kutolewa ghalani kuuzwa, pale ambapo watawala wataona inafaa, ni bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Tukirudi kwenye ngazi yetu, mkono wa Brussels ulikata kati ya kidato cha pili na cha tatu. Mrao na gumegume vikabaki huku. Fataki, viasi na mifereji vikabaki kule. Wajumbe hawakujua msamiati wa Waswahili, lakini walizipima bunduki kwa jicho lilelile la fundi, na walijua hasa mahali pa kukata.

Mafundi wa kurudisha nyuma

Hapa ndipo suala la kubadilisha bunduki linapoingia, na linaingia kwa mlango ambao hatukuutarajia.

Kiasi cha kilomita 90 mashariki ya Brussels kuna mji wa Liège, ambao kwa karne nyingi umeishi kwa kutengeneza bunduki. Tangu mwaka 1672 kulikuwa na amri ya mtawala wa mji kwamba mitutu ijaribiwe kabla ya kuuzwa: inatiwa baruti nyingi kupita kawaida, inafyatuliwa, na isiyopasuka inagongwa muhuri. Bunduki nyingi za zamani zenye herufi ELG zilipita hapo. Hicho nacho ni kipimo cha nguvu, lakini kilikuwepo kumlinda mpigaji.

Mafundi wa Liège walinunua bunduki kuukuu za majeshi na kuzitengeneza upya kwa masoko ya mbali, Afrika ikiwa mojawapo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 bunduki nyingi za gumegume zilikuwa zimebadilishwa kuwa za fataki, kwa sababu ndiyo maendeleo. Kwa ajili ya soko la Afrika, baadhi zikarudishwa tena kuwa za gumegume: fundi aling'oa chombo cha fataki, akaweka nyundo yenye jiwe na kisahani cha baruti. Kwa hiyo kuna bunduki ambazo katika maisha yake zilizaliwa za gumegume, zikakuzwa kuwa za fataki, kisha zikadumazwa ili ziweze kuvuka bahari. Mwenzetu wa springi alibadilisha bunduki yake ili iwe na nguvu zaidi. Mafundi hawa walilipwa ili iwe na nguvu kidogo.

Na tuangalie tarehe. Mwezi Julai 1889, miezi minne kabla ya mkutano kufunguliwa, kiwanda cha FN kilianzishwa Herstal, pembezoni mwa Liège, ili kutengeneza bunduki 150,000 za Mauser kwa jeshi la Ubelgiji. Zilikuwa bunduki za viasi, tena viasi vitano kwa mpigo. Nchi moja, mwaka mmoja, mkoa mmoja: huku Mauser kwa ajili ya nyumbani, huku gumegume kwa ajili ya wengine.

Katika Kiswahili cha leo, hasa Tanzania, mume gumegume ni mume asiyefaa kitu, yupo lakini hayupo. Hatudai kwamba maana hiyo imezaliwa na ile ya bunduki. Wanaleksikografia wetu watatusahihisha. Lakini kila tukilisikia neno hilo sasa tunaona ghala la serikali, na mtu ametoka mlangoni akiwa na bunduki aliyochaguliwa.

Waliobaki nje ya kipimo

Je, sheria hii ilikuwa na uzito wowote porini? Magendo yaliendelea, na si kila afisa aliijali. Hata hivyo kuna matukio yanayoonyesha nini kilikuwa hatarini.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walilivamia jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski na kuliangamiza. Walipigana zaidi kwa mikuki. Walichukua bunduki za kisasa zipatazo 300. Kwa hesabu ya kawaida Mkwawa alikuwa amepanda vidato viwili kwa asubuhi moja. Lakini bunduki ya viasi bila viasi ni rungu la bei ghali. Gobori unaweza kulilisha msumari, kokoto na baruti iliyopikwa kijijini. Bunduki ya viasi inataka kiwanda, na viwanda vilikuwa upande wa pili wa ghala. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ilianguka.

Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, wapiganaji walikuwa na mikuki, mishale na magobori. Huko Mahenge, tarehe 30 Agosti, walikwenda mbele ya bombomu, zile bunduki za mfululizo. Sisi wanafunzi wa fasihi tumeisoma tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, na tumejadili sana darasani imani ya maji. Tumeijadili kama suala la itikadi na umoja. Ni mara chache tumeuliza kwa nini watu walihitaji maji. Sehemu ya jibu ni kwamba kwa miaka 13 sheria ilikuwa imehakikisha kwamba kitu kingine cha kukabiliana na risasi hakipatikani kihalali.

Upande wa Kongo ndiko kipimo kilikogeuka kabisa. Leopold alikuwa ametia saini kama mpinga utumwa, na pamoja na mkataba alipata ruhusa ya kutoza ushuru wa bidhaa zinazoingia hadi asilimia 10, jambo ambalo mkutano wa Berlin wa 1885 ulikuwa umelikataza. Jeshi lake, kwa kuwa lilikuwa jeshi la serikali, lilikuwa nje ya marufuku. Askari wake walibeba Albini, bunduki ya viasi.

Na viasi vilihesabiwa. Katika maeneo ya mpira, maafisa walitaka askari athibitishe kwamba kila kiasi alichopewa kimemuua mtu na hakikupotezwa kwa kuwinda. Uthibitisho ulikuwa mkono wa kulia uliokatwa. Walipowinda, au walipokosa shabaha, mikono ilitafutwa kwa walio hai. Ripoti ya balozi wa Uingereza, Roger Casement, iliyotolewa mwaka 1904 baada ya safari yake ya 1903, iliwafanya wengi Ulaya wasiweze tena kusema hawajui. Mwaka 1908 Leopold aliikabidhi Kongo kwa dola ya Ubelgiji.

Hapo juu tulisema kwamba kiasi kilimaanisha risasi na pia kilimaanisha kipimo. Hatukujua wakati tunaandika sentensi ile kwamba tungefika hapa.

Na upande wetu?

Tungekuwa tunadanganya kama tungeishia hapo. Baadhi yetu katika chama ni wa nasaba za pwani, wengine wametoka Maniema na Kivu, na majadiliano yetu juu ya makala haya yalikuwa makali kuliko vita vya sponji.

Mwenzetu wa Maniema alituuliza swali moja tu: hayo magobori yaliyofika kwao yalikuwa mikononi mwa nani? Ni kweli. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ametuachia habari za maisha yake kwa Kiswahili, na bunduki zimejaa humo. Kwa bunduki zilizopita Zanzibar, misafara ilichukua pembe na watu. Kijiji kilichokuwa na mikuki kiliuona mrao na gumegume kama Wahehe walivyoiona bombomu. Kiswahili chenyewe kilifika Nyangwe na Kasongo pamoja na misafara hiyo. Biashara ya watumwa haikuwa kisingizio kilichobuniwa Brussels; ilikuwepo, na watu walikuwa wakifa.

Aliyetaka kuizuia alikuwa na haki ya kugusa bunduki. Lakini tuangalie matokeo. Mwaka 1892 hadi 1894 jeshi la Leopold chini ya Dhanis lilipigana na Waarabu na Waswahili wa mashariki ya Kongo, akiwemo Sefu, mwana wa Tippu Tip. Nyangwe ilianguka Machi 1893 na Kasongo mwezi uliofuata. Walioshindwa walikuwa na magobori zaidi. Washindi walikuwa na Albini zaidi, na jeshi kubwa la washirika wenyeji. Kisha washindi wakabaki, na ile mikono ikaanza kukatwa. Kwa mtu wa Maniema aliyekuwa na mkuki, alibadilishiwa mwenye bunduki, tena akapewa mwenye bunduki kali zaidi, asiyepimwa na mtu.

Hapa tulifikia mahali ambapo wote tuliweza kukubaliana. Kosa la kifungu cha nane halikuwa kupunguza bunduki. Watu wengi wangepona kama bunduki zingepungua kweli, zote. Kosa lilikuwa kwamba ruhusa zilimwachia aliyeandika sheria silaha zote alizomnyima mwenzake, na hapakuwa na yeyote wa kumpima yeye.

Hitimisho

Wiki iliyopita tulikwenda kwa miguu kutoka mzunguko wa Schuman, yalipo makao ya Tume ya Ulaya, hadi bustani ya Cinquantenaire. Ni mwendo wa dakika chache. Upande mmoja ni majengo yanakojadiliwa maelekezo ya vitu vya kuchezea. Upande wa pili, ndani ya bustani, ni makumbusho ya jeshi, na si mbali nayo kuna mnara uliochongwa na Thomas Vinçotte na kuzinduliwa mwaka 1921 kwa heshima ya Wabelgiji waliokwenda Kongo. Maandishi yake yanasifu ushujaa wa askari wa Kibelgiji walioangamiza Mwarabu mfanya biashara ya watumwa. Neno "Mwarabu" limewahi kuchokolewa na watu, na limezua ubishi mkubwa. Wenzetu wawili walisimama mbele ya maandishi hayo kwa muda, mmoja wa Pemba na mmoja wa Maniema, kila mmoja akiwa na sababu yake ya kutoyapenda. Juu ya bunduki zilizofanya kazi hiyo, mnara hauna la kusema.

Michezo yetu ya sponji itarudi mwisho wa muhula huu. Kanuni ya mita 25 bado ipo, na imebandikwa kwenye ubao wa chama. Mwenzetu ameirudisha springi ya kiwandani, na ametuachia ile ngumu iwe kumbukumbu. Tumeongeza sentensi moja tu chini ya kanuni, kwa pendekezo la yule aliyepigwa shingoni: kwamba kila mara kazi ya kupima itaanza na bunduki ya anayeshika kipimo.